Salamu kwa Watu wa Linux

Fundi wa kompyuta wa pale Mbulu mjini havui koti, na kabla ya kufungua mashine ya mtu huipuliza vumbi taratibu kama mama anayepoza uji. Mteja akieleza shida yake, humjibu kwa sauti ya katekista: "Shida ni Windows. Ingia Linux uwe huru." Waliokubali wamekuwa huru kweli, ila kila wiki humrudia awaonyeshe faili zao zilipo.

Asubuhi moja Mwalimu Filomena alishuka kutoka Nambis na kompyuta iliyogoma, mitihani ya kidato cha nne ikiwa ndani, na wanafunzi walikuwa waifanye kesho yake. Fundi aliiwasha kwa Linux iliyomo kwenye flashi yake, lakini diski ikakataa kufunguka. Ndipo akaingia kwenye jukwaa la wapenzi wa Linux mtandaoni, akaanza kuandika Kiingereza kwa vidole viwili: habari za asubuhi, habari za nyumbani, huku kwetu mvua imenyesha vizuri.

"Fundi, na mitihani je?" Filomena aliuliza.

"Ngoja, mwalimu. Mtu havamiwi."

Alipomaliza salamu akaeleza shida, na jibu likaja punde: mstari mmoja wa amri, bila neno jingine. Fundi akaunakili, na mitihani yote ikajitokeza. Filomena alimshukuru Mungu kwa sauti.

"Lakini umeona?" fundi alisema kwa uchungu. "Hata hajaitikia."

Filomena alipoondoka na mitihani yake, fundi alikuwa ameinamia skrini, anamwandikia yule mtu upya, akianza na habari za asubuhi.