Chumba cha Nyuma ya Tanuri

Sitaki mtu anipe pole kabla hajasikia nilichofanya.

Binti yangu ana miaka sita. Ana mtindio wa ubongo: hakai mwenyewe, hatembei, na bakuli moja la uji humaliza asubuhi nzima. Baba yake yuko Chalinze, na huko Chalinze simu yake haipatikani ikiwa anayepiga ni mimi. Kwa hiyo niko mimi. Nambeba, namlisha, namgeuza asipate vidonda. Watu wakiniuliza nimesoma mpaka wapi nawajibu kidato cha nne, na nawajibu kwa sauti, maana wanadhani mama wa mtoto kama huyu lazima awe mjinga.

Hapa Bagamoyo palikuwa na bibi mmoja, mjane, mwenye tanuri la mikate. Nyuma ya tanuri alikuwa na chumba cha kuwekea unga. Akautoa unga, akatandika magodoro, akatuita akina mama watano: kila Jumatano tuwalete watoto asubuhi, tuwachukue alasiri. Wanawake wake wawili wa kukanda unga wakishamaliza kazi yao ya alfajiri walikaa nao. Hakutaka picha wala bango. Ukuta wa chumba kile umeungana na tanuri, una joto siku nzima, na magoti ya binti yangu, yaliyokaza kama yamefungwa kamba, yalilegea yenyewe akilazwa pale. Siku ya kwanza kumwona amenyoosha mguu nililia kwa hasira. Miaka yote ile naukanda ule mguu, kumbe ulikuwa unataka ukuta.

Na mimi Jumatano nilifanya nini? Nililala. Majirani walisema nimemtupa mtoto ili nizurure. Nilifunga mlango nikalala, hata chakula sikula.

Jumatano moja bibi aliniita pembeni.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Mimi nimezeeka, na wanangu nawajua. Chumba hiki nataka niandikishe wakfu, kiwe cha watoto hawa, asikiguse mtu. Wewe umesoma, uwe shahidi wangu. Twende kwa shehe leo.”

Leo. Siku yangu moja katika wiki. Nikamwambia, “Bibi, tufanye wiki ijayo. Nina usingizi hata mbele sioni.”

Akacheka. “Haya, kalale. Macho yenyewe kama ya kasa aliyekesha pwani akitaga.”

Wiki iliyofuata akaniita tena, nikasema ijayo. Ya tatu hakuniita. Alinitazama tu, nami nikajifanya sijaona. Siku nne baadaye alianguka bafuni, hakuinuka tena.

Arobaini ilipofika, hitima ikasomwa, kisha warithi wakakaa sebuleni kugawana. Sisi akina mama tulikuwa uani na watoto wetu, mlango uko wazi. Mwanawe mkubwa, muuza vifaa vya ujenzi, akasema kile chumba kitakuwa stoo ya saruji. Nikainuka, nikasimama mlangoni. Nikasema marehemu alitaka kiwe wakfu, aliniambia kwa kinywa chake.

“Dada, sikatai,” akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma. “Alikuambia mbele ya nani?”

“Tulikuwa wawili tu.”

“Mliandikishana?”

“Hapana. Alitaka twende kwa shehe.”

“Sasa mbona hamkwenda?”

Sebule nzima ikanigeukia. Ningeweza kusema bibi aliugua. Nikasema, “Aliniita mara mbili. Nikaenda kulala.”

“Kulala!” mtu akaguna.

Mwana akainamisha kichwa, kisha akasema watoto waendelee mpaka mwisho wa mwezi, halafu tuwapishe. Nina hasira naye, nisikufiche. Mikate ya tanuri lile ndiyo iliyomkuza. Lakini hakusema uongo hata neno moja.

Tukatoka. Mwenzangu mmoja akanifuata mpaka barazani, mama anayetoka kijiji cha Kiwangwa, ambaye hakupelekwa shule hata siku moja. Mwanawe wa miaka kumi na miwili alikuwa mgongoni, miguu inakaribia kuburura chini. Nikajua atanitukana, na nikawa tayari.

“Shoga, mimi Jumatano silali,” akasema. “Kwetu ni mbali, nitarudi vipi na alasiri nije tena? Nakaa tu pale nje namngoja. Ungeniambia, ningekwenda na bibi.”

Sikumwambia kwa sababu hajui kusoma. Nilijisemea haya ni mambo ya karatasi, na bibi kanichagua mimi. Kumbe shahidi anatakiwa kusikia tu. Yeye alikuwa pale kila wiki, hatua kumi kutoka mlangoni kwa bibi, hana la kufanya.

“Sasa tutawapeleka wapi?” akaniuliza, akimpandisha mwanawe mgongoni.

Aliniuliza kweli. Akasimama ananitazama, anangoja, kama vile bado mimi ndiye wa kuulizwa.