Gia ya Kwanza Mpaka Kanisani

Haya, chekeni tu, maana hata nikinyamaza mtasimuliwa na watu wa Msasani, hii ya hapa hapa Tukuyu, na wao wanaongeza chumvi, eti niliwagonga wanakwaya. Sikumgonga mtu! Ila aibu niliyoipata siku ile, jamani, tena Jumapili, tena mbele ya askofu, hata sijui nianzie wapi.

Mnajua nauza vipuri, na mnakijua kigari changu cha turbo, automatiki, kilivyotoka kiwandani ndivyo kilivyo, na kinakimbia balaa. Sasa baba mkwe wangu wa kule Isongole alikuwa anabarikiwa kuwa mzee wa kanisa hapa Tukuyu, na miaka yote yeye ni wa bodaboda tu, na goti lake lile bovu, kwa sababu Mnyakyusa wa kweli (wengi wameacha siku hizi, yeye hajaacha) haonani na mkamwana wake wala hazungumzi naye, mimi nikisikia kikohozi chake tu nakimbilia jikoni. Mama mkwe akambembeleza mpaka akakubali kupanda gari langu, kwa sharti moja: nitundike kitenge katikati, yeye nyuma, sisi mbele. Nilifurahi kama mtoto. Nilitaka mzee yule asipande tena bodaboda na goti lile, basi, sikuwa na lingine.

Si ningetulia? Jumamosi niko uani kwao, mvua haikatiki, sina la kufanya, nikachomeka kompyuta kwenye gari. Gari automatiki, injini ikizunguka kiasi fulani, yenyewe inaingia gia inayofuata, halafu kuna kikomo, ikikifikia inakatiwa mafuta isije ikajipasua. Nikajisemea, hii gia ya kwanza inaachia mapema mno, kilima cha kanisani kitatuaibisha (kilima ndicho kituaibishe!), nikaisogeza mbele, mbele kabisa. Kikomo nikaogopa kukigusa. Yaani gia ikawa inasubiri injini ifike mahali ambapo injini yenyewe hairuhusiwi kufika. Nimeweka mlango juu ya dari, halafu najiita fundi!

Njia ya matope kutoka kwao haikunionyesha kitu, maana pale huwezi kwenda mbio. Tulipoingia lami nikakanyaga mafuta, gari likalia weee, halafu pa! pa! pa! Gia haibadiliki, injini inagonga kikomo tu. Nikavuta mkono wa gia kwenye mbili, wapi, liko kwenye ya kwanza tu.

Nyuma ya kitenge baba mkwe akasema, "Mwulize huyo, gari inapiga risasi?"

Mama mkwe akanigeukia. "Tata anauliza, gari inapiga risasi?"

"Mama, mwambie tata haipigi risasi, nimekosea kwenye kompyuta. Turudi nikaichukue, narekebisha mara moja."

"Anasema turudi akachukue kompyuta."

"Mwambie askofu hasubiri kompyuta."

Jamani! Mtu namsikia, ananisikia, na bado kila neno lazima lipitie kwa mama! Basi tukateremka hivyo hivyo, gari linanguruma kama mashine ya kusaga, bodaboda zinatupita huku zinatushangaa, hata lori la viazi likatupita na utingo akanipungia mkono. Kila nikizidisha mafuta kidogo, pa! Na nyuma: "Mwambie akanyage polepole." "Tata anasema ukanyage polepole." Nimesikia, mama, nimesikia!

Kanisani kumejaa. Pale getini, juu ya kilima, wamesimamisha upinde wa majani ya migomba kumpokea askofu, kwaya imejipanga huku na huku inaimba. Nyuma yangu foleni, honi haziishi. Uvumilivu ukanishinda, nikakanyaga mpaka chini. Pa! pa! pa! Kwaya ikanyamaza, mama mmoja akalala chini na Biblia yake. Gari likaruka, pini zikaachia, kitenge kikanidondokea begani, na kwenye kioo nikakutana na macho ya baba mkwe, ananitazama. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kuyaona macho yale. Na mimi, badala ya kushika breki, nikafanya kama nilivyofundwa: nikajifunika uso, kwa mikono yote miwili. Usukani nani aushike?

Tukauvaa upinde. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, ila migomba yote ilitulalia juu ya boneti. Baba mkwe akafungua mlango, akashuka na suti yake, kipande cha jani kinaning'inia kwenye kola, akachechemea mpaka kwa askofu na akabarikiwa na jani lake, hakuna aliyethubutu kulitoa.

Baada ya ibada nikajificha nyuma ya gari. Nikamsikia akisema, "Mwambie huyo asante. Mimi nitarudi na bodaboda." Na kweli akarudi na bodaboda, mvua inamnyeshea mzee wa watu, goti kalinyoosha pembeni, na mimi na mama nyuma yake, gia ya kwanza, pa, pa, mpaka Isongole. Nililia njia nzima.

Siku hiyo hiyo nilirudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, na sigusi tena, hata mteja akija dukani na habari hizo namfukuza. Juzi mama mkwe akanipigia simu. "Tata anauliza, gari limenyamaza?" Nikamwambia limenyamaza, mama, limenyamaza kabisa. Nikasikia mtu anakohoa pembeni, halafu mama akarudi kwenye simu.

"Anasema kitenge safari hii ushone. Usibane na pini."