Moto wa Kwenye Miwani

Shangazi, kama ghala zima lilivyomwita, alikuwa mpakiaji wa makatoni ya sabuni, na miguu yake ilikuwa imeshachoka kabla kazi haijachoka naye. Mwaka huu kampuni ilileta miwani ya mafunzo. Mfanyakazi huketi kitini, huivaa, huona ghala linawaka, kisha hutakiwa kuuzima moto kwa kubonyeza vitufe. Aliyefaulu hurudi kwenye makatoni. Aliyeshindwa hubaki kurudia somo, akiwa ameketi.

Shangazi aliielewa kanuni hiyo kuliko walioitunga.

"Shangazi, umeungua tena," alisema mkufunzi, kijana aliyekabidhiwa miwani na tai siku ileile moja.

"Mungu anilaze mahali pema, mwanangu. Anza upya."

"Jana uliungua asubuhi nzima. Hata kukimbia hukimbii?"

"Nikimbilie wapi, na kiti kiko hapa?"

Mkufunzi alishusha pumzi. Akamweleza kwa sauti ya chini kwamba wakubwa wanasema mwanafunzi akifeli basi mwalimu hafai, na kesho wanaujadili mkataba wake.

Shangazi alilitazama ghala likiteketea mbele ya macho yake bila kumsumbua. Kisha akabonyeza vitufe viwili. Moto ukazimika, na sauti tamu ya mashine ikampongeza.

"Kumbe ulikuwa unajua?"

"Chukua miwani yako, baba."

Akainuka kwa awamu, kiuno kwanza, magoti baadaye, akarudi kwenye makatoni.