Noeli Jiko Lilipoanguka

Mwaka jana niliwapeleka wanangu kwetu wakale Noeli. Tulishuka Sumbawanga mvua ikinyesha, tukapanda gari jingine la kuelekea Kaengesa, na kipande cha mwisho tukakimaliza kwa miguu, viatu mkononi. Mwanangu mdogo, aliyezoea vumbi la Dodoma, aliniuliza kama mbingu ya kwa bibi imetoboka. Mama alitupokea mlangoni. "Karibuni, karibuni, hayo matope yabaki hukohuko!" akasema, kisha akarudi kwenye jiko lake la gesi.

Mvua ilipiga bati hata tukawa tunaongea kwa mikono. Nikachungulia dirishani, nikaona nyuma ya nyumba pale palipokuwa na jiko letu la zamani, sasa pameota maboga. Nikaanza kucheka peke yangu. Wanangu wakataka kujua kulikoni. Nikawahadithia, na wewe rafiki yangu kaa hapa nikuhadithie.

Kwetu Ufipa Noeli hutukuta na jembe mkononi. Mahindi ndiyo kwanza yanaota, magugu hayana sikukuu, na ukungu wa asubuhi unakufanya utetemeke huku unapalilia. Tulilima hadi jua lijitokeze, ndipo tukaruhusiwa kuanza kuiwaza Noeli. Na kuiwaza kwenyewe kulikuwa ni kuingia chumbani kwa wazazi, kuinama, na kunusa gunia la mchele lililofichwa uvunguni. Mchele ulipandishwa kutoka bondeni, Ziwa Rukwa, na sisi watoto wa ugali wa ulezi tuliuonja mara moja kwa mwaka. Mama akitufuma alisema, "Noeli haiji kwa kunusa. Nendeni mkachote maji."

Nguo nazo zilitoka kitambaa kimoja. Gauni langu, gauni la mdogo wangu, shati la baba, yote maua yaleyale ya njano, tukienda kanisani tunafanana kama mapazia ya nyumba moja. Fundi cherehani alizishona kubwa makusudi, tukulie humo. Tuliringa nazo hivyo hivyo, tukizikanyaga.

Sasa mwaka huo bibi, mama yake baba, alituma salamu kwamba atapanda kutoka Wampembe aje kula Noeli kwetu. Tangu mama aolewe, bibi hakuwahi kula sikukuu nyumbani kwake. Unamjua mwanamke anayesubiri mama mkwe? Mama alipaka kuta udongo upya, alifua hadi vitambaa vya kufutia vyungu, na akapika pombe ya ulezi, ikawa inachachuka taratibu pembeni mwa jiko. Jiko lenyewe lilikuwa kibanda cha matofali mabichi na paa la nyasi, na paa lilivuja. Baba aliahidi kulitengeneza mwezi wa tisa, akaahidi tena wa kumi.

Na kulikuwa na jirani, mwanamke wa rika la mama. Alikaa ng'ambo ya uzio wetu wa minyaa. Zamani yeye na mama walikuwa chanda na pete, mpaka maksai wake walipovunja uzio wakala shamba la maharage la mama lote. Jirani alisema uzio ulikuwa mbovu. Mama alisema maksai hufanana na mwenyewe. Basi, ikaishia hapo. Msimu mzima hawakusalimiana. Mmoja akienda kisimani, mwingine anageuza njia. Kanisani wote wawili waliimba sauti ya pili, kwa hiyo mwalimu wa kwaya alimsimamisha katikati yao mama mmoja mnene mpole, awe mpaka. Lakini sisi watoto hatukukatazwa kumwamkia. "Ugomvi ni wangu," mama alituambia. "Shikamoo ni yake."

Siku ya kuamkia Noeli mvua ilianza asubuhi, haikupumzika. Baba alichukua mkokoteni wa ng'ombe akaenda kumpokea bibi barabarani. Mimi nilikuwa sebuleni na pasi ya mkaa, nanyoosha yale maua ya njano. Mama alikuwa uani anamalizia kuanua vyombo. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuwa jikoni anachochea moto wa maharage.

Nilisikia mlio kama wa mtu anayeshusha gunia zito. Nilipotoka, jiko halikuwepo. Palikuwa na lundo la matofali na nyasi zinazofuka moshi.

Sijawahi kusikia tena sauti aliyoitoa mama. Aliliita jina la mdogo wangu, akajitupa kwenye lile lundo, akaanza kuchimba kwa kucha. Mimi nilisimama tu, mdomo wazi, mvua inaniingia.

Jirani alipita katikati ya uzio. Hakuzunguka. Alipita kwenye minyaa yenyewe, kanga imebaki kwenye matawi, akaja mbio amevaa gaguro. Hakuuliza kitu. Alipiga magoti kando ya mama, wakawa wanang'oa matofali pamoja, mmoja anavuta, mwingine anasukuma, wote wawili wanamwita mtoto. "Nimeshika kitu!" jirani alipiga kelele. Ulikuwa mwiko.

"Mama," sauti ikasema nyuma yetu.

Mdogo wangu alikuwa amesimama chini ya kihenge, mkavu kabisa, amekumbatia bata. Kumbe bata alikuwa ameingia jikoni kudokoa, naye akatoka kumfukuza, na jiko likaanguka nyuma yake. "Mama, jiko limekwenda wapi?" akauliza.

Mama alikaa kwenye tope. Jirani naye akakaa. Walitazamana, matope hadi kwenye kope, na mama akaanza kulia, na jirani akaanza kulia, na katikati ya kile kilio sijui nani alianza kucheka. Walicheka hadi wakaegemeana. Bata wengine walikuwa wameshaizunguka ile pombe iliyomwagika, wanakunywa, na mmoja alijaribu kutembea akaanguka kifudifudi.

Jirani ndiye aliyesimama kwanza, akampa mama mkono. "Inuka. Mgeni wako anakuja na huna moto," alisema. "Twende kwangu tukapike. Tutagombana baada ya Noeli."

"Sawa," mama akajibu, akijifuta kamasi. "Lakini sijasahau maharage."

"Nani amekwambia usahau?"

Basi tukahamisha Noeli. Tulibeba gunia la mchele, kuku, na masufuria yaliyosalimika, tukapita kwenye lile tundu la uzio. Baba alipofika na mkokoteni jioni, alikuta lundo la matofali na bata waliolala hovyo uani. Alilizunguka lile lundo lote. "Afadhali," alisema hatimaye, "paa halivuji tena." Mama alimrushia gunzi la hindi kutoka ng'ambo.

Bibi alishuka akiwa na kapu la migebuka wakavu, samaki wa Tanganyika, harufu ya ziwa ikaujaza ua wote. Mama alienda kumpokea kwa magoti, aibu imemjaa, akaanza kueleza. Bibi alimkatiza. "Mtoto mzima?" "Mzima, mama." "Basi jiko ni udongo, na udongo mnao." Akaingia jikoni kwa jirani, akatafuta kigoda, akaketi katikati ya wale wanawake wawili. Akawaangalia wakipokezana mwiko bila kuulizana. "Huyu ni ndugu yako?" akamuuliza mama.

Mama akainamia sufuria. Jirani akawahi: "Ndiyo, mama. Mimi ndiye mkubwa."

"Mkubwa?" mama akageuka na mwiko. "Mkubwa tangu lini? Mimi nimekuzidi!"

Asubuhi ya Noeli kanisani, yule mama mnene alipotaka kusimama mahali pake pa siku zote, alikuta hakuna nafasi.

Na ugomvi ulirudi kweli baada ya Noeli, ila haukuwa wa maharage. Uligeuka kuwa wa nani mkubwa, nani ampe mwenzake shikamoo. Waligombana hivyo miaka na miaka, kisimani, shambani, njiani kwenda misa. Tundu la uzio halikuzibwa. Baba alijenga jiko jipya, lakini moto mara nyingi uliwaka upande mmoja tu, zamu kwa zamu. Mvua za juzijuzi jirani alipotutoka, mama alisubiri watu wapungue makaburini, akainama. "Shikamoo, dada," alisema. Kisha akaondoka haraka, kana kwamba anaogopa kujibiwa.

Wanangu walinisikiliza hadi mwisho, simu zimezimika mikononi. Mkubwa akaniuliza, "Na wewe mama, jirani yetu wa Dodoma mnaelewana?" Nikasema tunaelewana sana, hatujawahi kukosana hata siku moja. Nikajisikia nikilisema hilo. Kati yetu kuna ukuta wa tofali za saruji wenye vipande vya chupa juu. Simjui jina. Gari lake nalijua kwa honi. Zamani kwetu watu waligombana kwa sababu maisha yao yaligusana, ng'ombe kwa maharage, moshi kwa nguo zilizoanikwa, watoto kwa watoto. Sisi wa leo tuna amani ya watu wasiofahamiana, na siku kuta zetu zikianguka sijui ni nani atakayezisikia.

Mama akatuita mezani. Alikuwa ameshapakua, na kwa mazoea ya mkono wake alikuwa amepika chakula cha nyumba mbili.