Picha Iliyolazwa Chali

Mashine ile ilipofika ofisini kwetu Ifakara, mwishoni mwa miaka ya tisini, mimi niliyekuwa mpiga chapa niliichukia kabla haijatolewa kwenye boksi. Mradi wetu ulikuwa wa mbegu za mpunga, na kwa miaka mitatu kila karatasi ya mradi ilipita mikononi mwangu. Sasa wanaume wanne walikuwa wanateremsha kwenye lori kitu kikubwa kama kabati, na bosi anawaambia watu kwamba kitafanya kazi zote.

Fundi aliyeileta kutoka Dar es Salaam alikaa nasi siku moja tu. Alituonyesha jinsi inavyotoa kopi na inavyochapa. Kisha akatuonyesha jambo lililonifumba mdomo. Aliweka karatasi kwenye trei ya juu, maandishi yakitazama dari, akabonyeza, na karatasi ileile ikatokea kwenye kompyuta ya mhasibu, chumba cha pili, bila mtu kuinuka. Kazi hiyo aliiita skana. Alisema ukishaiingiza karatasi humo, hata mchwa wakila ile yenyewe, unaweza kuichapa tena wakati wowote. Kwenye mashine palikuwa na kitufe cha kila kompyuta, na kimoja cha mwisho kilichoandikwa "Wote". Tulicheka siku nzima tukitumiana karatasi za majaribio, na yule fundi akapanda basi la jioni akaondoka.

Nilipokwenda nyumbani Mchombe mwisho wa mwezi, nilimsimulia mama. Nilisimulia kwa majivuno, nakiri, maana chuki yangu ilikuwa imeisha na mashine nilikwishaifanya yangu. Mama alisikiliza huku anapepeta mchele, akaniuliza swali moja.

"Na picha ya mtu inaisoma?"

Nikamwambia inaisoma vizuri kabisa. Akaendelea kupepeta.

Tulikuwa na picha moja tu ya baba. Aliipiga studio alipokuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya miwa, kasimama, mkono mmoja kwenye kiti. Alifariki nikiwa darasa la tano, na tangu siku hizo picha ilikaa kwenye fremu ukutani, juu ya kitanda cha mama. Mimi nilikua naisalimia. Usinicheke. Nilikuwa natoka kwenda shule nasema shikamoo baba, na mama ananijibu marahaba kutoka jikoni.

Wiki mbili baadaye, saa nne asubuhi, mama akaingia ofisini. Alikuwa amepanda lori la mpunga tangu alfajiri, ana vumbi mpaka kwenye kope. Bwana shamba wetu, kijana mpole lakini mwenye mdomo usiojua kutulia, alimwamkia shikamoo mama, akampa kiti, akarudi chumbani kwake. Mama hakukaa. Alifungua kanga aliyoibeba kifuani, na ndani yake ilikuwamo picha ya baba, imetolewa kwenye fremu.

"Nitolee kopi," akasema. "Nzuri. Isiyopauka."

Nikamwambia hii tutaipiga skana, ibaki kwenye kompyuta hata milele. Picha ilikuwa imebandikwa kwenye karatasi ngumu, haikuweza kupita kwenye trei ya juu, kwa hiyo nikainua kifuniko nikamwonyesha kioo. Niliponyoosha mkono niichukue nimlaze baba uso chini, mama akairudisha kifuani.

"Unataka kumlaza kifudifudi?"

"Mama, ni picha."

"Sikumlaza kifudifudi kaburini, nije nimlaze kifudifudi kwenye meza ya watu?"

Nilikasirika kidogo, maana wenzangu walikuwa wanasikia. Lakini nikakumbuka kwamba kwenye trei ya juu karatasi zinawekwa zikitazama juu na zinasomwa vizuri tu, nikadhani na kwenye kioo ni hivyohivyo. Kichwa kigumu, fundi mwenyewe nilikuwa nimemsikiliza nusu nusu. Basi mama akamlaza baba chali, kwa mikono miwili, akamnyoosha, nikafunika. Taa moja ya kitufe ilikuwa inawaka. Sikuangalia ni ya nani. Nikabonyeza, mwanga ukapita chini ya kioo.

Kumbe ile taa ilikuwa ya "Wote". Asubuhi ile bosi alikuwa amewatumia wote ratiba ya semina, na mashine ilibaki palepale alipoiacha. Na tulichokuwa tumeisomesha si uso wa baba. Ni mgongo wa picha.

Nilisikia kicheko cha bwana shamba kutoka chumbani kwake.

"Jamani, nani kaniletea barua ya mapenzi?" Na kabla sijaelewa anachosema, akaanza kusoma kwa sauti, kama anavyowasomea wakulima vipeperushi. "Mama wa mwanangu, Lupiro. Mtunzie mtoto picha hii, anijue sura. Akikua aje kwangu Mchombe, asiogope."

Nilibaki nimeshika kifuniko. Nilikiinua, nikaigeuza picha, na mwandiko wa baba ulikuwapo, ule wa kuinamia kushoto ambao ulikuwa kwenye daftari zangu za darasa la kwanza. Baba yangu niliyemwamkia kila asubuhi. Nilitaka kwenda kumziba yule kijana mdomo kwa mikono yangu. Mhasibu akakohoa. Nikajua naye ameshasoma. Bosi naye ana kompyuta. Ofisi nzima ilikuwa imejua kabla yangu kwamba nina ndugu Lupiro, ng'ambo ya mto unaovukwa kwa pantoni, na mama yangu, asiyejua kusoma hata jina lake, alikuwa amesomewa kwa sauti, mbele za watu, na mimi ndiye niliyebonyeza.

"Mama," nikasema. Nilitafuta uongo wa haraka. "Hiyo si ya kwetu. Ni karatasi nyingine."

"Ni ya kwetu," akasema mama.

Bwana shamba alikuwa ametokea mlangoni, uso umempauka. Mama hakumtazama.

"Alinipa akiwa kitandani, siku mbili kabla hajafariki. Akaniambia hii ni ya mtoto wa Lupiro, nimpelekee. Nilijua ni ya nani, ila maneno yake ndiyo nayasikia leo." Aliikunja ile kanga tupu. "Nilikuwa na hasira, mwanangu. Nikaenda kwa seremala nikatengenezewa fremu. Nikasema atakaa ukutani kwangu."

Nilimtazama kama mtu nisiyemjua, na yeye akalijua hilo, akavumilia.

"Yule mtoto alikuwa anatambaa," akasema. "Sasa ana umri uleule uliokuwa nao wewe ulipoanza kuniuliza baba alikuwa mtu wa namna gani. Wewe nilikuonyesha ukutani. Yeye ataonyeshwa nini?"

"Ndiyo maana umekuja kutoa kopi ya kumpelekea," nikasema.

"Kopi ni yangu mimi. Hii yenyewe ina mwenyewe."

Akaichukua mikononi mwangu. Akapangusa uso wa baba kwa pindo la kanga, akakiinua kifuniko mwenyewe, na kumlaza kifudifudi juu ya kioo.

"Haya, bonyeza," akasema. "Tuwahi pantoni."