Taa ya Maji na Macho ya Mama

Mama alikubali kupasuliwa mtoto wa jicho kwa sharti moja: apelekwe Kajiado kwa gari langu, na gari hilo lisisimame njiani. Miaka miwili alikuwa amekataa katakata. Sasa alisema likizimika, hata iwe ni Isinya, katikati ya safari, atashuka, arudi nyumbani Kitengela kwa miguu, na asisikie tena habari ya daktari. Mama ni Mkamba wa kusema mara moja. Mbuzi aliowahi kuwafukuza shambani kwake Machakos hawajarudi hadi leo.

Miadi ilikuwa Jumatatu. Ijumaa asubuhi nikawasha gari, na taa nyekundu ya maji ikawaka kwenye dashibodi, kali kiasi cha kulitia jua aibu.

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, kichwani nikiwa na mvi saba. Mtu aliyepasi fizikia akiwa na mvi haiti fundi kabla ya kufungua boneti mwenyewe. Nikangoja injini ipoe, nikachungulia chupa ya maji ya akiba. Imejaa hadi kwenye alama. Nikafungua kifuniko cha rejeta, lile sanduku la kupozea maji ya injini. Imejaa pia. Nikakimbilia kitabu cha gari, lakini gari lilitoka Japani na kitabu chake kikatoka nalo, hakina neno hata moja ninalolijua. Nilikisoma chote, kurasa kama elfu tatu hivi, nikaelewa picha mbili.

Jumamosi nikatandika makatoni chini ya injini, nikaiacha ingurume nusu saa. Makatoni yakabaki makavu. Mshale wa joto ukakaa katikati, umetulia kama askofu. Gari halivuji, halichemki, na bado taa inasema maji hakuna.

Fundi wa mtaa wetu alipita akanikuta nimelala chali, miguu tu iko nje.

"Mwanafunzi wa ngumbaru, leo darasa liko chini ya gari?"

"Taa inawaka na maji yamejaa."

Hata kuinama hakuinama. "Hiyo ni kukata waya tu. Dakika mbili imenyamaza. Hapa Kitengela nimekata mingi."

"Na siku maji yakiisha kweli, nitajuaje?"

"Utaona moshi."

"Jumatatu niko na mama ndani ya hii gari. Moshi aliuzoea jikoni, hapa hataki kuuona."

"Si ulishasema haoni?" Akacheka, nami nikacheka, maana ni jirani. Kisha akatia plasi mfukoni. "Wewe mzee ulisoma ukapitiliza."

Alipoondoka nikaufuata ule waya wake kwa kidole, polepole, hadi ulipoingia chini ya ile chupa ya akiba. Nikauchomoa. Taa ikazima. Nikaurudisha. Ikawaka. Nilifanya hivyo mara mia, au basi mara sita, hadi nikaamini: taa haina kosa, inasema tu inavyoambiwa. Mwongo yuko ndani ya chupa.

Jumapili baada ya kanisa nikavua koti na kuifungua chupa. Ndani kulikuwa na kijiboya cha plastiki, kidogo kama kizibo cha soda, ambacho kazi yake ni kuelea. Maji yakipanda, nacho kipande. Maji yakishuka, kishuke, taa iwake. Hiki changu kilikuwa kimelala chini kabisa, kimeganda kwenye kishina chake, hakipandi wala hakizunguki. Nikaking'oa na kishina chake nikampelekea mke wangu barazani anitazamie, kwa kuwa macho yake ni makali kuliko yangu. Mama, aliyekuwa ameketi kando yake, akanyoosha mkono akakichukua yeye. Akakipapasa, akakikwangua kwa ukucha.

"Hii ni chumvi ya birika," akasema. "Umelinywesha gari maji gani?"

Kila nyumba ya Kitengela iko na maji ya aina mbili. Ya mvua, kutoka kwenye mabati, ni ya chai na ugali. Ya kisima cha pampu, yenye chumvi ya kukausha sabuni mkononi, ni ya kufua, kuosha na kunywesha mifugo. Mimi kwa mwaka mzima nimelihesabu gari pamoja na mifugo.

"Nilidhani chuma haina ulimi, mama."

"Na birika ni ya nini? Ya udongo?"

Mke wangu aliinuka akicheka, akaniletea bakuli la maji moto aliyokamulia ndimu, dawa ile ile anayosafishia birika lake. Nikakitumbukiza kile kijiboya. Saa kumi nilipokitikisa, ule ukoko mweupe ulianguka vipande vipande, na chenyewe kikapanda juu ya maji kama bata. Nikakirudisha. Taa ikazima. Sikuiamini. Nikanyonya maji ya chupa kwa mpira hadi yakabaki kidogo, taa ikawaka, nikayajaza, ikazima. Hapo nikaiamini.

Lakini kama kijiboya kiko hivyo, rejeta yenyewe ikoje? Lazima isafishwe, na si kwa maji yale tena. Ufunguo wa mfereji wa tangi la mvua ulikuwa shingoni mwa mama, na mvua ilikuwa imegoma tangu Mei.

"Nahitaji mitungi miwili, mama."

"Hayo ni ya chai ya wiki nzima."

"Najua."

Halafu akaivua kamba shingoni, akaniwekea ufunguo kiganjani.

Niliisuuza rejeta mara tatu, nikaijaza maji ya mvua na ile dawa ya kijani ya rejeta inayouzwa kwenye kituo cha petroli.

Jumatatu tuliondoka mapema. Kila tulipopita matuta mama aliuliza, "Imewaka?" nami nikamjibu, "Haijawaka." Isinya aliuliza. Kwenye mteremko wa kuingia Kajiado akauliza. Nilipozima injini mbele ya kliniki ya macho, hakushuka. Alishika mlango kwa mikono miwili.

"Nilikuwa naomba Mungu iharibike," akasema taratibu. "Naogopa kisu, baba."

Nikakaa naye ndani ya gari hadi alipojisikia tayari.

"Haya, nishike mkono," akasema. "Sina pengine pa kutorokea."