Kalori za Marehemu

Akisharudi kutoka kupalilia mikorosho, mwalimu mstaafu wa Lulindi huketi barazani, huipangusa saa janja ya marehemu mumewe, ambayo sasa huivaa yeye, kwa pindo la kanga, kisha husoma kwa sauti ile ile ya darasani: "Leo kalori mia tisa."

Sabina, bintiye, alipokuja likizo kutoka Masasi aliikagua kwenye simu iliyounganishwa nayo. "Mama, inakudanganya. Bado inakadiria kwa kilo na umri wa Baba. Mwili wako mdogo huu hauchomi kalori nyingi hivyo. Nikuwekee vipimo vyako?"

Mama yake akaifunika saa kwa kiganja. "Niachie, mwanangu. Tulipalilia pamoja miaka thelathini, yeye mbele, mimi nyuma. Acha iendelee kumhesabu yeye."

Sabina akaiweka simu kando, akauliza jembe la Baba liko wapi.